Utafiti katika idara ya dharura: kutoka kwenye swali hadi kitandani kwa mgonjwa

Idara ya dharura ni mahali pagumu kufanyia utafiti. Mgonjwa haji kwa miadi, haji na faili, na mara nyingi hana hali ya kukusikiliza ukimsomea fomu ya kurasa nne. Daktari ana foleni inayomsubiri, muuguzi wa mapokezi hajakaa tangu zamu ianze. Ndiyo maana maswali mengi ya dharura yalijibiwa kwa mazoea kwa miaka mingi, na mazoea yanaweza kuua bila mtu kushtuka.

Chukua dripu kwa mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, yaani damu haifiki vizuri mwilini. Ilionekana wazi kabisa kwamba anahitaji maji mengi, kwa haraka. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania. Katika kundi kuu la watoto 3,141, asilimia 10.5 hivi ya waliopewa maji ya haraka walifariki ndani ya saa 48. Kwa ambao hawakupewa, asilimia 7.3. Hakuna daktari ambaye angeiona tofauti hiyo kwa macho yake tu: ni vifo vitatu zaidi katika kila watoto mia, na wote waliletwa wakiwa hoi.

Lakini isome FEAST vizuri na utaona jambo la pili. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Kwa hiyo anayemnyima maji mtoto aliyekaukiwa kwa kuharisha, eti utafiti umekataza, ameusoma nusu. Suala la nani yumo na nani kaachwa nje nitalirudia mara kwa mara hapa chini, kwa sababu tafiti nyingi za dharura huharibikia hapo kabla hesabu hazijaguswa.

Mwongozo huu ni wa daktari, tabibu au muuguzi anayeanza utafiti wake wa kwanza. Mfano nitakaoutumia ni mdogo kwa makusudi: kifundo cha mguu kilichoumia. Ukiuweza huo, utauweza mkubwa.

1. Andika swali ambalo zamu ya usiku inaweza kulijibu

Mwaka 1992 Ian Stiell na wenzake huko Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni za kuamua nani apigwe eksirei ya kifundo. Ni fupi. Mgonjwa mwenye maumivu kwenye eneo la vinundu vya kifundo (mifupa iliyotokeza pande mbili za kifundo) apigwe picha endapo anaumia mfupa ukibonyezwa kwenye ncha ya kinundu cha nje au ukingo wake wa nyuma, sentimita 6 za mwisho. Au vivyo hivyo upande wa ndani. Au hakuweza kutembea hatua nne, pale alipoumia na tena alipofika hospitalini. Kuchechemea kunahesabiwa kuwa ni kutembea. Asiye na hata moja kati ya hayo hahitaji picha.

Tuseme idara yako inampiga picha kila mtu na foleni ya eksirei imefika nje. Swali la kwanza litakalokujia ni "Je, kanuni za Ottawa zinafanya kazi hapa kwetu?" Halitoshi. Liandike upya hivi: kwa mtu mzima aliyeumia kifundo ndani ya siku kumi zilizopita, muuguzi wa mapokezi akitumia kanuni hizi kabla ya picha, atawakosa wangapi kati ya waliovunjika kweli, na tutaokoa picha ngapi?

Sasa limo kila kitu: mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, na nani, tunalinganisha na nini, tunahesabu nini. Jaribu kumsomea swali hilo muuguzi anayeingia zamu. Akikuuliza "mimi nifanye nini hasa?", bado halijaiva.

Chagua pia tokeo moja kuu, na liwe linalomgusa mgonjwa: kufa au kupona, kutembea, kurudi hospitalini na mvunjiko uliokosekana. Shinikizo la damu kupanda au laktati (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukikosa oksijeni ya kutosha) kushuka ni habari njema, ila mgonjwa hakuja kutafuta laktati.

2. Hesabu wagonjwa kabla ya kuwaahidi

Fungua daftari la mapokezi la miezi mitatu iliyopita. Wangapi walikuja na kifundo? Saa ngapi? Wangapi waliondoka kabla ya kuonwa? Kisha fuata mgonjwa mmoja kuanzia mlangoni hadi anapotoka na uandike kila anaposimama: mapokezi, benchi, chumba cha daktari, eksirei, benchi tena. Pahali utafiti utakapoingilia lazima pawepo kwenye njia hiyo tayari. Ukimtaka mgonjwa apite kona mpya kwa ajili yako, nusu hawatafika.

Louis Lasagna, mtaalamu wa dawa wa Marekani, alikuwa na utani ambao watafiti wanaurudia hadi leo: wagonjwa wanaofaa hupungua ghafla siku utafiti unapoanza, na hurejea ukiisha. Daftari likikuambia ishirini kwa wiki, panga kwa kumi.

3. Nani aingie, nani abaki nje

Andika orodha ya wanaobaki nje, na kando ya kila mmoja sababu. Kwa kifundo, sababu zenyewe ziko wazi. Mlevi, mwenye jeraha jingine kubwa linalomsumbua zaidi, au asiye na hisia nzuri miguuni: hao ukiwabonyeza mfupa jibu lao haliaminiki. Mjamzito anaachwa kwa sababu ya mionzi. Aliyekuja na picha kutoka kwingine tayari ana jibu mkononi.

Sababu isiyokubalika ni "itatusumbua". Wazee wenye kusahau, wasiozungumza lugha ya wahudumu na walioletwa na polisi wote wanasumbua, na wote wataendelea kuja kanuni ikishabandikwa ukutani. Ukiwatoa kwenye utafiti, itawabidi wenzako wabahatishe.

4. Ukubwa wa sampuli: hesabu mivunjiko

Hapa wengi huteleza. Kinachokupa uhakika kwamba kanuni haikosi ni idadi ya waliovunjika waliopita mikononi mwako. Wale mamia walioteguka tu hawasaidii katika hilo.

Kuna hesabu ya kichwani inayofaa kukaririwa. Ukiangalia watu kadhaa na tukio lisitokee hata mara moja, gawa 3 kwa idadi yao. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho tukio hilo bado linaweza kuwa nacho, kwa uhakika wa asilimia 95. Kanuni ikiwapata wote 30 kati ya 30 waliovunjika, utajisikia shujaa, lakini 3 kwa 30 ni asilimia 10: bado inawezekana inakosa mmoja katika kila kumi. Ukifika 100 bila kukosa, ukomo ni asilimia 3. Ukifika 300, asilimia 1.

Kwa hiyo ukitaka mivunjiko 100, na unakadiria kwamba mmoja kati ya saba wanaokuja na kifundo amevunjika, unahitaji watu 700 hivi. Rudi kwenye hesabu ya hatua ya pili: kwa kumi kwa wiki, hiyo ni zaidi ya mwaka na miezi minne. Ama uongeze hospitali nyingine, ama ulibane swali. Usipunguze tu sampuli ukaendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kwa majaribio ya dawa, mwone mtakwimu sasa, mapema, kabla hujakusanya chochote. Akiletewa data iliyokwisha kukusanywa, mara nyingi kazi inayobaki ni kukueleza kwa nini haitajibu swali lako.

5. Maadili na ridhaa

Hakuna mgonjwa wa kwanza kabla ya kibali cha kamati ya maadili, na kama ni jaribio la tiba, kabla ya kulisajili hadharani. Tangu 2005 majarida makubwa ya tiba yanakataa kuchapisha jaribio lisilosajiliwa mwanzoni. Sababu ni nzuri: mtu asije akabadilisha tokeo kuu baada ya kuona namba.

Kwa kifundo, ridhaa ni ya kawaida. Mgonjwa ana maumivu lakini ana akili zake; mweleze, msubiri, akubali au akatae. Ugumu uko kwa mgonjwa aliyeletwa hana fahamu, au mama aliyembeba mtoto anayedegedega. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti kwa binadamu, lililopitishwa kwa mara ya kwanza 1964 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa, linaacha mlango mwembamba: kama hali inayomzuia mgonjwa kuridhia ndiyo yenyewe inayochunguzwa, hakuna wa kumsemea, na utafiti hauwezi kungoja, unaweza kuanza kabla ya ridhaa. Sharti ni kwamba sababu ziwe zimeandikwa kwenye itifaki (mpango wa utafiti ulioandikwa) na kamati imezikubali, na ridhaa ya kuendelea iombwe mara inapowezekana. Marekani iliweka kanuni za aina hiyo mwaka 1996 na kuongeza sharti la kushauriana na jamii inayohusika kabla ya kuanza.

Katika FEAST, pale hali ilipokuwa mbaya, mzazi aliulizwa kwa mdomo kwanza na ridhaa kamili ikafuata mtoto alipotulia. Maneno ya kumwambia mama wakati huo yanapaswa kuandikwa, kujaribiwa na kukaririwa. Kitu kama hiki:

"Mama, mtoto anaanza kutibiwa sasa hivi. Hapa kuna njia mbili za kumtibu na bado haijajulikana ipi ni bora. Tunafanya utafiti ili tujue. Ukikataa, atatibiwa vilevile na sisi hawa hawa. Ukikubali, nitarudi akitulia nikueleze kwa kirefu, na hata wakati huo unaweza kusema hapana. Tuendelee?"

Isome kwa sauti na saa mkononi. Ikizidi nusu dakika, punguza. Halafu amua mapema, kwenye itifaki, nini kitafanyika mtoto akifariki kabla ya ridhaa kamili. Hakuna anayependa kuliandika jambo hilo. Lisipoandikwa, uamuzi utamwangukia mhudumu mdogo kuliko wote akiwa amesimama mbele ya mzazi anayelia.

6. Fomu: ukurasa mmoja, ijazwe kwa kusimama

Kila swali kwenye fomu lilipe kodi yake. Kama hujui utalifanyia nini jibu, lifute. Kwa kifundo unahitaji umri, jinsia, saa ya kuumia, yale majibu matatu ya kanuni, uamuzi wa muuguzi, matokeo ya picha, na namba mbili za simu, ya mgonjwa na ya mtu wa karibu. Weka visanduku vya kutia alama. Sehemu ya kuandika maelezo marefu itabaki tupu usiku wote.

Mpangilio wa kujaza ni muhimu kuliko sura ya fomu. Muuguzi atie alama zake kabla ya picha kupigwa, na anayesoma picha asiione fomu. Muuguzi akishaona ufa kwenye picha, kidole chake kitabonyeza kwa nguvu zaidi na maumivu yataonekana. Si uongo wa makusudi. Ndivyo tulivyo binadamu.

Saa nazo ni balaa. Saa ya ukutani, ya mashine ya eksirei, ya kompyuta ya mapokezi na ya simu ya daktari zinaweza kupishana dakika kadhaa, na ukizichanganya utapata wagonjwa waliotoka kabla ya kuingia. Chagua moja tu, iandike kwenye fomu kwa jina, na kila Jumatatu mtu azilinganishe zilizobaki.

Mwisho, waombe wauguzi wawili wampime mgonjwa yuleyule kila mmoja kivyake, bila kuambizana, kwa wagonjwa kadhaa wa mwanzo. Wakitofautiana mara kwa mara, tatizo liko kwenye mafunzo au kwenye kanuni yenyewe, na ni afadhali ulijue wiki ya kwanza.

7. Kama unalinganisha tiba mbili

Nani apate tiba ipi iamuliwe na bahati nasibu, na asiwepo wa kuichungulia. Bahasha nyembamba huinuliwa kwenye taa. Vifurushi vinavyofanana kwa nje, vyenye namba na vinavyochukuliwa kwa mfululizo, vinafaa zaidi palipo na pilikapilika, mradi kila kifurushi kilichofunguliwa kihesabiwe, hata kama dawa haikutolewa. Kuhusu kupanga wagonjwa kwa zamu, leo tiba hii kesho ile, jibu ni fupi: usifanye. Daktari akijua leo ni siku gani, ataanza kuchagua wa kuingiza.

8. Kuendesha, hasa usiku

Tafiti nyingi za dharura, ukizikwangua, ni tafiti za wagonjwa wa mchana siku za kazi, kwa kuwa ndipo msaidizi wa utafiti alipokuwepo. Wanaokuja saa nane usiku ni watu wengine: ajali zaidi, pombe zaidi, na wale waliovumilia mchana kutwa mpaka wakashindwa.

Kama huna watu wa kukesha kila siku, usichague zamu zinazokufaa. Zipangie nasibu: andika zamu zote za mwezi, usiku na sikukuu zikiwemo, kisha chagua kwa kura. Utapata wagonjwa wachache zaidi lakini watawakilisha idara.

Na uwe na daftari la pili, la waliokosekana. Kila mgonjwa wa kifundo aliyefika na hakuingizwa aandikwe umri, jinsia, saa aliyofika na sababu: alikataa, aliondoka, hakuonekana, muuguzi alizidiwa. Ni mstari mmoja tu, bila jina. Kazi hii inachosha kuliko zote na matunda yake huonekana mwishoni, pale utakapowalinganisha walioingia na walioachwa. Mimi nikisoma makala ya utafiti wa dharura, kielelezo cha kwanza ninachokitafuta ni hicho. Kisipokuwepo, nazishika namba zake kwa vidole viwili.

9. Wafuatilie walioondoka

Kama kila mtu anapigwa picha, una jibu kwa wote. Kama kamati imekubali wale ambao kanuni imewaruhusu waondoke bila picha, basi kwao huna jibu mpaka ulitafute. Usiwahesabu kuwa wazima kwa sababu tu hawakurudi. Huenda walikwenda hospitali nyingine.

Piga simu baada ya wiki mbili hivi. Maswali matatu yanatosha: unatembea bila kuchechemea? Umerudi kazini? Umeonwa na mhudumu mwingine kwa mguu huo? Jibu lolote lenye shaka, mwite apigwe picha. Wanaopokea simu jioni ni wengi kuliko asubuhi. Jaribu namba zote mbili, siku tofauti, kabla ya kumwandika kuwa amepotea. Waliopotea nao wahesabiwe hadharani.

10. Kusoma matokeo

Tuseme, kwa mfano tu, uliwapata 700, waliovunjika 100. Kanuni iliwatambua 98 na kuwakosa wawili. Kati ya 600 wasiovunjika, iliwaruhusu 180 bila picha na kuwapeleka 420 eksirei bure. Unyeti (waliovunjika waliotambuliwa) ni asilimia 98, umaalumu (wasiovunjika walioruhusiwa) asilimia 30, na picha zilizookolewa ni 182 kati ya 700, karibu robo.

Kabla ya kuandika sentensi yoyote, toa fomu za wale wawili. Nani aliwapima? Saa ngapi? Mvunjiko ulikuwaje? Stiell na wenzake walihesabu kipande kisichozidi milimita 3 kuwa hakibadilishi matibabu. Kama wako ni wa aina hiyo, habari ni moja. Kama ni mvunjiko wa kuhitaji upasuaji, ni nyingine kabisa. Lakini maana ya "mvunjiko muhimu" lazima iwe iliandikwa kwenye itifaki. Ukiibuni leo, unajisafisha.

Kuyachambua makundi madogo kunatamanisha, na mara moja moja kunaokoa watu. Utafiti wa CRASH-2 wa 2010, wenye majeruhi 20,211 waliokuwa wakivuja damu au wenye hatari ya kuvuja, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, ilishusha vifo kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Mwaka uliofuata, uchambuzi wa vifo vya kuvuja damu ukaonyesha kwamba waliopewa ndani ya saa tatu za kuumia walifaidika, na baada ya saa tatu vifo hivyo viliongezeka: asilimia 4.4 kwa waliopewa dawa dhidi ya 3.1 kwa wasiopewa. Muda tangu kuumia ulikuwa kwenye mpango tangu mwanzo, na sampuli ilikuwa kubwa ya kutosha. Ukigawa watu 700 katika makundi kumi na mawili, moja litang'aa kwa bahati tu.

Unapoandika ripoti, fuata orodha ya STARD kwa vipimo, CONSORT kwa majaribio ya tiba, STROBE kwa tafiti za kutazama tu bila kutoa tiba. Zinachosha lakini zinakulazimisha kusema ulichotaka kukinyamazia.

11. Kabla ya kubadilisha idara

Mwaka 2001 Emanuel Rivers na wenzake walichapisha matokeo ya hospitali moja Marekani, wagonjwa 263 wenye sepsisi kali (maambukizi yanayofanya viungo vya mwili vianze kushindwa). Itifaki yao ya tiba ya saa sita za mwanzo ilishusha vifo kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5, na dunia ikaipokea kwa mikono miwili. Kati ya 2014 na 2015 zikatoka tafiti tatu kubwa zaidi, ProCESS, ARISE na ProMISe, na hakuna hata moja iliyoona itifaki ile ikishinda huduma ya kawaida. Wakati huohuo huduma ya kawaida yenyewe ilikuwa imebadilika: antibiotiki zilitolewa mapema, sepsisi ilitambuliwa haraka. Kisha 2017, huko Zambia, itifaki ya sepsisi yenye maji mengi na dawa za kupandisha shinikizo ilijaribiwa kwa wagonjwa 212. Waliopewa walifariki asilimia 48.1, waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.0.

Kwa hiyo matokeo ya hospitali moja, hata yako, yapeleke kwanza kwa hospitali ya jirani wayajaribu. Kwenu, anza na wauguzi waliojaza fomu. Waonyeshe jedwali kabla halijaenda jaridani, maana wao ndio watakaokuambia kwamba zile wiki mbili zenye wagonjwa wachache ni kwa sababu mashine ya eksirei ilikuwa mbovu. Mkikubaliana kuitumia kanuni, chagueni siku moja ya kuanza, na kabla ya siku hiyo muwe mmeshaandika kwenye ratiba nani atakayepitia daftari kila mwezi kuwatafuta waliorudi na mfupa uliovunjika, na ni idadi gani itakayowafanya msimamishe.